Kutafuta Waliotoweka Vitani na Kutafuta Waliowaua: Kazi Moja au Mbili?

Kaburi la halaiki linapofukuliwa baada ya vita, maswali mawili tofauti huwa yanalisubiri. Mwendesha mashtaka anataka kujua waliozikwa humo walikuwa watu wa aina gani, waliuawaje na kwa amri ya nani. Mama aliyesimama kando ya shimo anataka kujua kama mwanawe yumo. Maswali hayo yanafanana kwa mbali, na mara nyingi hutajwa pamoja katika matamko ya kimataifa, lakini wanaofanya kazi hii wamekuwa wakibishana kwa miongo kadhaa kama yanaweza kujibiwa na chombo kimoja, au kama kila swali linahitaji taasisi yake, sheria zake na siri zake.

Kisheria, haki ya familia kujua hatima ya ndugu zao haina utata tena. Imetajwa katika kifungu cha 32 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, na mwezi Juni 2019 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2474, ambalo ndilo lake la kwanza kuhusu waliotoweka katika vita peke yake. Azimio hilo linahimiza msako na uwajibikaji kwa pamoja. Halisemi kipi kitangulie pale ambapo kimoja kinakizuia kingine.

Hoja ya wanaotaka kazi hizi zitenganishwe inaanzia kwenye jambo moja gumu: anayejua mahali maiti ilipo, mara nyingi, ni yule aliyeizika au aliyeshuhudia ikizikwa na watu wa upande wake. Mtu huyo hatafungua kinywa kama anajua kwamba maneno yake yatamfikisha kizimbani au yatamgeuza msaliti kijijini kwake. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo imekuwa ikiwatafuta waliotenganishwa na vita tangu karne ya 19, hulinda usiri wake kwa nguvu zote. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa iliyokuwa Yugoslavia ilikubali kwamba mfanyakazi wa Kamati hiyo hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi, na baadaye kinga hiyo ikaingizwa katika kanuni ya 73 ya kanuni za ushahidi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Mlango wa gereza unaofunguliwa leo kwa mjumbe wa Kamati utafungwa kesho ikijulikana kwamba mjumbe huyo huandikia mahakama.

Kupro ndiyo nchi iliyoifuata njia hii hadi mwisho wake. Kamati ya Watu Waliotoweka iliundwa mwaka 1981 ikiwa na mjumbe mmoja Mgiriki wa Kupro, mmoja Mturuki wa Kupro na wa tatu kutoka nje. Orodha yake ina majina 2,002 ya watu waliopotea katika machafuko ya 1963 hadi 1964 na katika vita vya 1974. Kwa mujibu wa masharti yake, Kamati haimtaji mhusika wala haitoi uamuzi kuhusu chanzo cha kifo. Kwa miaka 25 hali hiyo haikuzaa lolote la maana, kisha mwaka 2006 ufukuaji ukaanza kwa utaratibu, na tangu hapo mabaki ya zaidi ya watu 1,000 yamerudishwa kwa familia za pande zote mbili. Hayo si mafanikio madogo katika kisiwa ambacho bado kimegawanyika na ambacho hakuna mahakama ambayo pande zote zingeikubali. Lakini gharama yake ni nzito. Familia inakabidhiwa fuvu lenye tundu la risasi, na chombo kilicholikabidhi hakina ruhusa ya kusema lolote kuhusu tundu hilo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilieleza mwaka 2009, katika kesi ya Varnava na wenzake dhidi ya Uturuki, kwamba kazi ya Kamati hiyo, pamoja na umuhimu wake, haitoshelezi wajibu wa dola wa kufanya uchunguzi wa kweli. Naona mahakama ilikuwa sahihi, kwa sababu kurudisha mfupa ni nusu ya jibu.

Wanaopinga utengano huelekeza macho Srebrenica, mji wa Bosnia, na hapo ndipo mjadala unapokuwa mzito zaidi. Julai 1995 wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa, kisha miezi michache baadaye wauaji wakarudi na mitambo ya kuchimbia, wakafukua makaburi na kuhamisha miili hadi mashimo mengine ili kuficha ushahidi. Mitambo ikaikatakata miili, hata mifupa ya mtu mmoja ikaja kupatikana katika makaburi zaidi ya moja. Wataalamu wa mahakama hiyo ya Yugoslavia walioanza kufukua mwaka 1996 hawakuhitaji majina. Kwa ajili ya mashtaka ilitosha kuonyesha kwamba waliouawa walikuwa wa jamii moja, wamefungwa mikono au vitambaa machoni, na wamepigwa risasi. Mabaki yakarundikana katika maghala bila majina, huku wanawake wakiuliza kwa nini dunia inaweza kuwahesabu wana wao na isiweze kuwatambua.

Ilikuwa Tume ya Kimataifa ya Watu Waliotoweka, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiyo iliyogeuza hali hiyo kwa kukusanya damu za ndugu na kuzilinganisha na vinasaba vya mifupa. Waathiriwa wa Srebrenica wanaokaribia 7,000 wamekwisha kutambuliwa kwa majina. Baadhi ya familia zilizozika zimelazimika kufungua kaburi tena ili kuongeza mfupa uliopatikana baadaye. Nyingine zimechagua kusubiri hadi mwili utimie. Na kazi hiyo ya kibinadamu ikageuka kuwa ushahidi ambao waendesha mashtaka hawakuwa nao mwanzoni: vinasaba vya mtu mmoja katika mashimo mawili vilithibitisha kwamba makaburi yalivurugwa kwa makusudi. Haki nayo ililipa deni. Mwaka 2003 Momir Nikolić, ofisa wa jeshi la Waserbia wa Bosnia, alikiri kosa mbele ya mahakama na kueleza jinsi miili ilivyohamishwa.

Ushahidi huo ni mzito, ila tusisahau mazingira yake. Bosnia ilikuwa na askari wa kigeni waliolinda wafukuaji, picha za kutoka angani zilizoonyesha udongo uliochimbuliwa, na mahakama yenye fedha na uwezo wa kukamata. Pale ambapo waliozika bado ndio wanaotawala, hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na kumtishia shahidi kwa mahakama isiyoweza kumfikia bosi wake ni kumfukuza bila faida.

Kolombia inanipa jibu ninaloliona bora kuliko yote mawili. Mkataba wa amani wa 2016 na waasi wa FARC uliunda Kitengo cha kuwatafuta waliotoweka, ambao idadi yao inapita 100,000, kikiwa nje ya mfumo wa mahakama. Maneno ambayo Kitengo kinapewa na mtoa habari hubaki siri. Ripoti za kitaalamu kuhusu mabaki, hata hivyo, na vitu vilivyokutwa kaburini, vinaweza kuombwa na mahakama. Siri ni ya mdomo. Mfupa hauna siri. Mpaka huo hauondoi mgongano wote, kwa kuwa mfupa nao huweza kumwelekeza mpelelezi kwa aliyeonyesha kaburi, lakini haumlazimishi yeyote kujifanya hajaona tundu la risasi.

Kipimo cha sasa ni Syria. Umoja wa Mataifa ulichagua utengano: chombo cha kukusanya ushahidi wa jinai kiliundwa Desemba 2016, na taasisi huru ya waliotoweka ikafuata Juni 2023, kwa kura 83 dhidi ya 11, nchi 62 zikijizuia. Utawala wa Assad ulipoanguka Desemba 2024, familia zilimiminika katika gereza la Sednaya, zikipekua madaftari na karatasi kwa mikono, karatasi nyingine zikikanyagwa sakafuni. Hakuna anayeweza kuwalaumu watu waliosubiri miaka kumi na zaidi. Lakini daftari lililochanika na kaburi lililochimbwa kwa pupa haviwezi kumjibu tena mwendesha mashtaka wala mama. Vyombo hivyo viwili vikiendelea kuwa mbali, basi vikubaliane mapema juu ya jambo hili: nani alinde kila shimo na kila kabati la nyaraka, na kwa utaratibu gani ufukuaji uandikwe ili matokeo yake yasomeke na wote wawili.