Soko huria la reli moja?

Makala ninayoichangia inasema wakulima wa Kanda ya Ziwa wanakosa mabehewa ya treni msimu wa mavuno. Baadhi ya wachangiaji hapa wanataka serikali isiingilie, soko liamue. Soko lipi, ndugu zangu? Reli ya kati ilifika Mwanza 1928, na mpaka leo haina mshindani wa reli. Mkulima wa dengu wa Kwimba akikosa behewa pale Bukwimba au Malya, kinachobaki ni lori, na mwenye lori analijua hilo kabla hamjaanza kupatana bei.

Kanada wana kampuni mbili kubwa za reli, CN na CP (tangu 2023 inaitwa CPKC), za watu binafsi. Hata hivyo, baada ya mavuno makubwa ya 2013 nafaka ililala maghalani, na Machi 2014 serikali ikaamuru kila kampuni ibebe angalau tani 500,000 kwa wiki. (Kampuni zililaumu baridi kali, na kweli ilikuwepo.)

Kwetu ni kugumu zaidi: TRC, shirika letu la reli, ni ya serikali, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini inayoidhibiti, ni ya serikali pia. Ni baba kumkaripia mwanawe mbele ya wageni.

Mimi sidai nauli ibanwe, maana hela ya kukarabati njia na injini itatoka wapi? Nadai tarehe ya behewa kufika, iandikwe kwenye mkataba. Behewa lililoahidiwa lisipofika, mwenye magunia alipwe gharama ya ghala. Je, kifungu hicho kitakuwemo mkatabani pale SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka itakapoanza kubeba mizigo?