Huku nguo ya mazoezi inakaguliwa na baridi, nyumbani inakaguliwa na watu

Nimekaa huku nje ya nchi, kwenye baridi, muda mrefu sasa na kuna kitu nataka kukisema kuhusu nguo za mazoezi, maana kila mada hii ikiibuka naona watu wanagawanyika pande mbili tu. Kuna wanaosema nunua nguo kali bwana, ukishajiona kwenye kioo mwili wenyewe utataka kukimbia. Halafu kuna wanaosema hayo ni maonyesho, mwenye nia anapiga tizi hata na fulana iliyotoboka. Mi nimefanya mazoezi nyumbani na nimefanya mazoezi huku, mazingira mawili tofauti kabisa, na naona pande zote mbili zimeliruka swali lenyewe. Hiyo nguo inakuondolea kikwazo gani? Basi. Kwasababu kinachomzuia mtu kutoka nyumbani sio kinachomzuia huku, na nguo iliyokubeba kule inaweza isikusaidie chochote huku.

Nyumbani hali ya hewa haikuulizi umevaa nini. Unaamka, unachukua bukta na tisheti yoyote, raba, umeshafika barabarani kabla usingizi haujaisha vizuri machoni. Shida ya nyumbani ni watu. Watu wanakujua, kuna aliyekuona ukiwa mtoto, kuna mama wa rafiki yako, kuna vijana wamekaa pale kona, na kila mmoja ana la kusema, "naona tunapunguza mwili," "unakimbia, kwani nani anakufukuza," na hawasemi kwa ubaya, wengine wanakutania kabisa kwa upendo, ila wewe umeshaanza kufikiria jinsi unavyoonekana badala ya kufikiria pumzi. Na kwa mwanamke ndo usiseme. Unavaa taiti, juu unaweka tisheti kubwa inayokaribia magoti, kiunoni unafunga sweta, na bado njia nzima mguu unakimbia huku mkono unavuta tisheti ishuke. Yani unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na ile ya pili inachosha kuliko ya kwanza.

Hiki kitu cha akili kuliwa na nguo kimeshapimwa. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani walichukua vijana, wakawapa wengine nguo ya kuogelea na wengine sweta wajaribishe mbele ya kioo, kila mtu yuko peke yake chumbani, halafu wakawapa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta, wanaume haikuwashusha. Na hapo hakuna aliyekuwa anawaangalia! Sa fikiria mtu anayepita mbele ya watu wote anaowajua. Kwahiyo mtu akiniambia dada fulani kaacha mazoezi kwasababu ni mvivu, mi nauliza kwanza alikuwa anavaa nini na anapita wapi.

Huku ni kinyume chake. Mwaka wangu wa kwanza kilichonishangaza ni kwamba hakuna anayegeuka. Anapita mzee kavaa bukta ya zamani na soksi zimepanda hadi magotini, anapita mtu mnene kuliko mimi kavaa taiti ya rangi ya machungwa, anapita kijana fulana imelowa jasho imemganda mwilini, na hakuna anayesema kitu, kila mtu na yake. Kwa mtu aliyezoea kuvuta tisheti, ule uhuru ni mkubwa sana, sitaki kuufanya mdogo. Nilianza kukimbia mbali zaidi sio kwasababu nilikuwa na nguvu zaidi, mkono ulikuwa umepata nafasi ya kufanya kazi yake.

Ila huku kuna mkaguzi mwingine, na huyo hana utani.

Kuanzia Novemba jua linazama saa 10 jioni, asubuhi ukiamka giza, ukitoka kazini giza, na baridi inaingia kwenye vidole kabla hujafika hata mwisho wa mtaa. Hapo ndo nikaelewa kwamba tisheti ya pamba niliyokuja nayo, ambayo nyumbani ilikuwa haina neno, huku ni adui. Pamba inapenda maji, hata kwenye hewa ya kawaida nyuzi zake zinabeba unyevu wa kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ukitoka jasho pamba inalinywa na inakaa nalo, halafu upepo ukipiga lile jasho linakuwa maji ya baridi mgongoni. Nyumbani jasho likikauka taratibu kwenye nguo linakupoza na unashukuru. Huku linakupoza wakati ndo kitu cha mwisho unachokitaka. Kwahiyo unajifunza kuvaa kwa safu, ya ndani inayolitoa jasho kwenye ngozi, ya kati inayotunza joto, ya nje inayozuia upepo, juu yake kofia, glavu, na taa ya kichwani kama unapita kwenye miti.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukigawa kwa siku tano ni nusu saa tu kwa siku, kidogo sana. Ila Januari huku ukijumlisha kutafuta glavu ya pili, kuvaa, kurudi, kuvua, kuanika, unakuta maandalizi yanakaribia kulingana na mazoezi yenyewe, na kila hatua ya kuvaa ni mlango wa kughairi. Unavaa safu ya kwanza, unaangalia dirishani, unakaa kitandani kidogo, simu iko pembeni, yameisha.

Dawa niliyoiona ni kuzitoa nguo usiku. Nazipanga juu ya hita kwa mpangilio wa kuvaa, ya ndani iko juu, taiti inafuata, soksi nimeshazigeuza upande wa kuvaa, glavu zote mbili nimezichomeka ndani ya kofia ili moja isipotee, na taa nimeichaji. Asubuhi zina joto. Ile safu ya kwanza ikigusa ngozi ina joto, mwili unakubali bila mabishano. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina hii, kwamba mtu akishaamua mapema "likitokea hili nitafanya hili" anatekeleza zaidi kuliko mtu mwenye nia tupu, maana asubuhi hakuna tena la kuamua. Nguo zilizopangwa ni mpango wa namna hiyo unaoweza kuushika kwa mkono. Na ona kwamba hapo uzuri wa nguo haujaingia kabisa, zingekuwa mbaya za kutisha bado zingenitoa.

Sa wale wa nguo kali nao wana hoja yao na siwadharau. Wanapenda kutaja utafiti wa Hajo Adam na Adam Galinsky wa mwaka 2012, ule wa koti jeupe, watu walivaa koti lilelile ila wengine wakaambiwa ni la daktari na wengine wakaambiwa ni la mchoraji, na waliodhani ni la daktari wakawa makini zaidi. Utafiti mzuri, ila ulipima umakini na sio mazoezi, na mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio mojawapo na matokeo yale hayakutokea. Kwahiyo mtu asikuuzie taiti kwa jina la sayansi hiyo. Lakini wazo lenyewe, kwamba nguo inafanya kazi kwa maana unayoipa, kwa hilo nawaunga mkono kutokana na nilivyoishi. Huku nguo za mazoezi zimekuwa nguo za kila kitu, watu wanaenda nazo kazini, dukani, kwenye ndege, wanalala nazo. Na mi nilifika nikaiga, taiti asubuhi mpaka jioni, na nikaona ile taiti haikuniambia tena chochote, niko nayo kwenye kochi, kuna tofauti gani. Nyumbani nilikuwa na raba moja ya mazoezi tu na kuifunga kamba kulikuwa ni kuondoka. Siku hizi nimerudia utaratibu ule, za mazoezi ni za mazoezi, nikimaliza navua. (Na za poliesta usiziache kwenye begi hata usiku mmoja, kuna watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2014 kwamba bakteria fulani wa harufu wanashamiri kwenye poliesta kuliko kwenye pamba, na hakuna kinachokata mudi kama nguo inayonuka kabla hujaanza.)

Halafu upande wa nia tupu. Hawa kila siku wanamleta Abebe Bikila, yule Mwethiopia, alishinda maratoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu, saa 2:15:16. Ni kweli na ni heshima kubwa kwetu. Ila mbona hawamalizii? Miaka minne baadaye Tokyo alikimbia na viatu, akashinda tena kwa 2:12:11. Zaidi ya yote Bikila alikuwa tayari ni mkimbiaji, askari aliyeandaliwa na kocha, huwezi kumchukua yeye kuwa kipimo cha mama wa watoto watatu anayetaka kuanza tena kutembea haraka jioni. Huyo mama anahitaji sidiria inayomshika kabla hajahitaji nia. Sidiria ya michezo imekuja juzi tu, mwaka 1977 kule Vermont, Marekani, wanawake watatu walishona pamoja vikinga viwili vya sehemu za siri vya wanamichezo wa kiume ndo wakapata ya kwanza. Kabla ya hapo wanawake wengi walikuwa wanakimbia na maumivu au hawakimbii. Mtu akiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, iende hapo, sio kwenye taiti inayoonekana.

Na nisidanganye watu kwamba huku macho hayapo kabisa. Yapo, yamekaa mahali pengine. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilipigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa bukta badala ya bikini kwenye mashindano ya Ulaya, na kanuni ikabadilishwa baada ya kelele. Wimbledon, yale mashindano ya tenisi, mpaka mwaka 2023 ndo wakaruhusu wanawake wavae bukta ya ndani ya rangi iliyokolea badala ya nyeupe, kwasababu ya wasiwasi wa siku za hedhi, hao ni wachezaji bora duniani na bado akili yao ilikuwa inaibiwa na nguo. Wenzetu wanaojifunika nywele FIFA iliwaruhusu rasmi mwaka 2014, na FIBA, wale wa mpira wa kikapu, mwaka 2017. Yani hata huku kuna mtu ameketi mahali anaamua mwili wa nani unaruhusiwa kucheza ukiwa umevaaje.

Kuna na jambo letu sisi weusi, na hili nyumbani sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Jioni, giza, hudi nyeusi kichwani, unakimbia kwenye mtaa wenye nyumba nzuri. Nimeona watu wanavuka barabara. Nilipoanza kuvaa koti la njano lenye mistari inayong'aa, magari yakaniona mapema, hilo ni muhimu na kila mtu afanye hivyo, lakini pia watu wakanielewa haraka, huyu ni mkimbiaji. Naumia kwamba nguo inabidi inisemee. Nalivaa hata hivyo, kwasababu nikilivaa nakimbia nikiwa nimetulia, na nikitulia narudi tena kesho yake. Sitamlaumu anayeona hapana, hiyo ni dhuluma na siibebi mgongoni. Ana haki.

Ndo maana mdogo wangu aliponiandikia "dada niletee zile taiti nilizoona kwenye picha" sikukimbilia dukani. Nilimuuliza anapita wapi akikimbia na anatoka saa ngapi. Ilikuwa palepale, pale kona, wanapokaa vijana. Hajakosa motisha hata kidogo, amechoka kuvuta tisheti. Nikamtafutia suruali nyepesi ya rangi nyeusi isiyobana, ina mfuko wa zipu wa simu, juu fulana ndefu iliyopasuliwa pembeni ili hatua isizuiwe, na sidiria mbili nzuri ili moja ikiwa kwenye kamba nyingine ipo. Alisikitika kidogo kuhusu taiti, nikamwambia siku akitaka taiti atavaa na ni haki yake, ila tuanze na nguo ambayo hataifikiria akiwa njiani. Sa hivi anatoka, na ananitumia ujumbe kuhusu magoti na pumzi, habari ya nguo imeisha.

Na kwa anayejiandaa kuja huku na anaulizia abebe nini, taiti utazikuta tele. Usiingie msimu wa baridi bila glavu na soksi nene, maana vidole ndivyo vitakavyokurudisha ndani wakati miguu bado inataka kwenda.