Milimita moja kwenye vena ya mguu

Tuseme mgonjwa mwenye mguu unaovimba kila jioni amepimwa kwa ultrasaundi na kupewa karatasi: vena ndefu ya juujuu ya paja, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ina upana wa milimita 6.1, damu inarudi chini kwa sekunde 0.7. Anapimwa tena kwingine, anaambiwa milimita 5.2 na sekunde 0.4. Wa kwanza anashauri vena ichomwe kwa joto la leza, wa pili anamwandikia soksi za kubana. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Ukuta wa vena ni mwembamba, na upana wake hufuata damu iliyomo. Mgonjwa akilala, vena inanywea, akisimama, inajaa. Chumba chenye baridi huibana. Mpimaji akiegemeza mkono kidogo tu, duara kwenye skrini linageuka yai, na akikilaza kifaa upande, upana unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kisha anaweka alama mbili kwenye kingo za ukuta. Zikipotoka kwa nusu milimita kwenye vena ya milimita 5, hiyo ni asilimia 10 nzima.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja nzito, hasa kwenye donge la damu. Hapo mpimaji hatafuti namba. Anabonyeza: vena nzima inalala bapa kabisa, yenye donge inagoma. Kwa paja na nyuma ya goti, jibu hilo ni la kutegemewa sana, na limewaondolea wagonjwa wengi adha ya kudungwa dawa ya rangi mguuni na kupigwa eksirei. Kwenye vena ndogo za ndani ya muundi uhakika hupungua, maana ni nyembamba, ni nyingi na zimejificha.

Ugumu uko kwenye damu inayorudi nyuma kwa sababu vali, vile vilango vya ndani ya vena vinavyozuia damu isirudi chini, zimelegea. Mgonjwa anasimama, uzito kwenye mguu mwingine; mpimaji anaminya muundi, anaachia, anasoma muda ambao damu imerudi chini. Ikizidi sekunde 0.5 kwenye vena za juujuu, au sekunde 1 kwenye vena kuu ya paja na ile ya nyuma ya goti, vali zinahesabiwa mbovu. Lakini aliminya kwa nguvu gani, na aliachia upesi kiasi gani? Mkanda wa hewa unaojaa na kuachia wenyewe hupunguza tofauti hiyo, ila si kila chumba cha vipimo kinao. Tena muda si wingi: damu kidogo inaweza kuchuruzika kwa sekunde nyingi ndani ya vena nyembamba, na nyingi ikarudi kwa kishindo kwa muda mfupi.

Wapo wanaosema bila mipaka hiyo kila daktari atatibu apendavyo, na wenye kulipwa kwa kila vena watachoma hata nzima. Nakubaliana nao, mipaka ibaki. Ninachokataa ni kuitumia kama kisu. Mwenye sekunde 4 ni mgonjwa leo na kesho, apimwe na yeyote. Mwenye 0.6 anaweza kuwa na 0.4 asubuhi inayofuata, na hapo ngozi iliyobadilika rangi karibu na kifundo, au kidonda kisichopona, vina uzito kuliko desimali. Inaniuma kuona mtu mwenye dalili zote akinyimwa tiba kwa sababu vena yake imepungukiwa nusu milimita, kama ninavyosikitika asiye na dalili anapochomwa vena kwa sababu imezidi.

Karatasi ya majibu iandike basi: alisimama au alilala, saa ngapi, vena ilipimwa sehemu gani, damu ilisukumwa vipi. Wapo watakaosema wapimaji wana kazi nyingi mno. Maneno hayo hayazidi mstari mmoja, na bila huo mstari daktari wa pili hawezi kujua kama ni mguu uliobadilika au ni namna ya kupima.