Gemu za zamani mnazifungia za nini?

Jamani hii ishu ya haki za gemu inanikera kweli. GoldenEye 007 ilitoka 1997 kwenye Nintendo 64 halafu ikakaa mpaka 2023 ndo ikarudi rasmi, sababu Rare walioitengeneza walinunuliwa na Microsoft 2002, Nintendo nao wana chao, wenye filamu za James Bond wana chao, yani mmoja akigoma wote mmekwama. Ila gemu ya GTA San Andreas ndo imeniuma zaidi, maana sisi wa mabanda ya gemu hapa Chikongola, Mtwara tumekua nayo, 2014 toleo la kompyuta likatolewa nyimbo kibao za redio za ndani ya gemu eti leseni zimeisha muda, na watu walishalipia! Nyie wenye gemu, walipeni wanamuziki upya bana, hela mnazo, mturudishie redio yetu nzima.