Pesa ya biro si wizi: ASBL zetu za Goma na bajeti ya mwaka wenye kuja

Kila mwisho wa mwaka ASBL (mashirika yasiyo ya faida) za hapa Goma, mashariki ya Kongo, zinakaa kupanga mwaka wenye kuja na ubishi ni ule ule. Vizio (malengo yetu) inapita bila shida, yatima, wadeplase (waliofukuzwa na vita), mama waliobakwa, watoto warudi shule, watu wote wanapiga makofi, halafu mukifika kwenye bajeti mtu anauliza ju ya nini iko mstari wa kodi ya biro (ofisi) na mshahara wa kontabule (mhasibu), na hapo sauti zinapanda. Pesa yote iende kwa walengwa, biro ijitafutie. Wafadhili wengi nao wanafikiri vile, mwenye kuomba pesa ya biro anaonekana moja kwa moja kama mtu anataka kula.

Wenye kukataa hawasemi uongo. Kivu yetu imejaa ASBL zenye biro yao ni mkoba wa prezida, leo kilimo, kesho amani, kesho kutwa maji, kulingana na pesa iliyotangazwa. Na mwaka 2020 madanganyo kwenye pesa ya misaada huku mashariki yaliandikwa hadharani, dunia nzima ikasoma. Mama mwenye amefukuzwa na vita mara tatu ana haki ya kuuliza dola yake imepitia mukono ya nani.

Lakini tufanye hesabu pamoja. Kwenye pesa nyingi za Umoja wa Mataifa, kile kinaachwa kwa uendeshaji ni kama 7%. Projé ya dola 50,000 inakuachia 3,500 kwa mwaka, hata 300 kwa mwezi haifike. Toa humo kodi, toa zamu (mlinzi) wa usiku, mega za internet za kutuma ripoti, esansi ya jenereta umeme ukipotea, wino wa imprimante, halafu uniambie kontabule amebakia na ngapi. Na hiyo ni kama umesaini na mfadhili mwenyewe, ju ukipita chini ya shirika kubwa la kimataifa mara nyingi ile 7% inabakia kule juu, wewe unapewa pesa ya shughuli tu na unaambiwa ufanye kazi kwa moyo.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: wale wanaoogopa wizi njo wanakataa kumulipa mtu wa kuzuia wizi. Kununua sabuni ya familia mia mbili unaombwa proforma tatu (karatasi za bei za wauzaji watatu), bon ya kuagiza, fakitire (risiti ya muuzaji), listi yenye alama za vidole, picha, na mama muuzaji wa soko Virunga hana hata kitabu cha fakitire, kwa hiyo mtu anashinda kule siku nzima akitafuta karatasi. Ni nani huyo mtu? Akiwa wa kujitolea, anakula nini? Ukimuacha na njaa mbele ya kasha ya pesa, ile hofu yako umeitengeneza mwenyewe.

Mwaka 2025 ulituonyesha yote hayo kwa nguvu. Umoja wa Mataifa ulisema kama Marekani peke yake ilitoa karibu 70% ya pesa ya misaada ya kibinadamu ya Kongo mwaka 2024. Januari 2025 Marekani ikasimamisha, na mwisho wa mwezi ule ule waasi wa M23 wakaingia Goma, banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Hata mwenye alikuwa na pesa kwenye konti hakuifikia, ilibidi kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, ama kupitisha kwa simu na kukatwa komisio, na hakuna projé iliyokuwa na mstari wa komisio hiyo. ASBL isiyo na akiba ya miezi miwili mitatu inafunga mlango hapo hapo, masini (kompyuta) yenye listi za walengwa inalala kwa mtu nyumbani, waliofundishwa kazi wanaenda zao, na pesa ikirudi siku moja mfadhili anasema hawa hawana uwezo. Halafu mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa ya dunia walikuwa wameahidi kama 25% ya pesa ya misaada itafika kwa mashirika ya wenyeji kabla 2020 kuisha. Haikufika.

Kotizasio (mchango) ya wanachama? Ndiyo, iwepo, watu wetu wanajua likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) vizuri na dola moja moja kila mwezi inaweza kulipa zamu. Ila tusidanganyane, wanachama wengi wenyewe walipoteza kazi na duka, haiwezi kubeba biro nzima.

Kwa hiyo mimi kwenye bajeti ya mwaka wenye kuja ningeandika kontabule na komisio ya simu ndani ya shughuli zenyewe, kwa bei ya kweli, bila kuzificha chini ya mistari ya semina kama tulivyozoea, ju kule kuficha njo kunafanya tuonekane wezi. Mstari wa akiba uwe peke yake na baraza kuu liupigie kura. Na matumizi ya kila mwezi yabandikwe ukutani, mpaka ile 300 ya biro, ili yule mama aulize akiwa na karatasi mbele yake. Mfadhili akikataa kodi na kontabule, tumuombe atuandikie ni nani atamutengenezea ripoti yake.