Giza la Hukumu Halikuandikiwa Watu wa Nje

Hivi karibuni nilimsikiliza mhubiri mmoja akieleza maandiko yanayohusu giza, na kila aya aliyoisoma aliielekeza nje ya mlango wa kanisa: kwa wasioamini, kwa waliofikwa na misiba, kwa wote aliowaita watu wa gizani. Niliumia sana, kwa sababu mengi ya maandiko hayo yalisemwa kwanza kwa watu waliokuwa na hakika kwamba wao ndio walio nuruni.

Nakubali kwamba pigo la tisa, katika Kutoka 10, liliiangukia Misri, siku tatu za giza la kupapasika, huku Waisraeli wakiwa na mwanga makaoni mwao. Hata hivyo, Farao alipigwa kwa kukataa kuwaachilia watu aliowatumikisha, na anayejihesabu upesi miongoni mwa wenye mwanga bila kujiuliza yeye anamtumikisha nani, amesoma nusu ya habari.

Tazama nabii Amosi. Mchungaji huyu wa Tekoa alikwenda hadi Betheli, penye hekalu la mfalme, akawaambia Waisraeli, watu wa agano la Mungu wenyewe, kwamba siku ya BWANA waliyoitamani ingekuwa giza wala si nuru. Waliingoja wakidhani ni siku ya kuadhibiwa adui zao. Kisha sura ya 8 inataja kosa lao waziwazi: wafanyabiashara wanangoja kwa pupa mwandamo wa mwezi na sabato vipite, wapate kuuza ngano kwa kipimo kilichopunguzwa, bei iliyopandishwa na mizani ya udanganyifu, na kumnunua mhitaji kwa jozi ya viatu. Ni baada ya hayo ndipo Mungu anapotamka kwamba atalifanya jua litue adhuhuri. Wanaotishiwa giza hapo ni watu wanaoishika sabato! Kwa nini basi tunalihubiri giza hilo kwa sauti kuu, na mizani tunaipita kimya?

Yesu naye, katika Mathayo 8, anapoitaja adhabu ya giza la nje, anawaonya wana wa ufalme, tena mara tu baada ya kuisifu imani ya akida wa Kirumi.

Wala si kila giza ni hukumu. Katika Kutoka 20 watu walisimama mbali, na Musa akalikaribia giza nene alimokuwa Mungu. Kumwambia mfiwa kwamba giza lake ni adhabu ni ukatili usio na ruhusa ya Maandiko.

Tukifika Golgotha, aliposulubiwa Yesu, Mathayo, Marko na Luka wanashuhudia giza tangu saa sita hadi saa tisa, adhuhuri ile ile ya Amosi. Nalisoma kuwa ni giza la hukumu, na aliyetundikwa ndani yake hakuwa na hatia. Giza hilo lilitanda juu ya nchi yote, juu ya askari, makuhani na wanafunzi, wala safari hii haisemwi kwamba kulikuwa na nyumba iliyobaki na mwanga.