Karakana ya Nyumbani Haihitaji Flodi, Inahitaji Safu za Taa

Mtu akijenga banda la useremala uani, pesa huishia kwenye mashine na mbao. Taa huja mwisho, na mara nyingi huwa flodi moja ya wati 100 iliyofungwa katikati ya kenchi. Inawaka kweli, hata jirani anaiona. Lakini fundi akisimama kwenye meza ya ukutani, taa inabaki mgongoni mwake, na kivuli cha kichwa na mabega kinatua palepale anapochora mstari wa kukata. Akiinua uso, mwanga unamchoma macho. Msimamo wangu ni kwamba kwa kazi za mikono, tyubu nyingi za nguvu ndogo zilizopangwa kwa safu huishinda taa moja kali, hata kama jumla ya mwanga ni ileile.

Tuchukue karakana ya mita 4 kwa 6, yaani mita za mraba 24. Kwa useremala wa kawaida lenga laksi 500 juu ya meza, maana yake lumeni 500 (lumeni ni kipimo cha kiasi cha mwanga) kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni lumeni 12,000 zinazofika mezani. Si zote zinazotoka kwenye taa zitafika: kuta zinameza, vumbi linameza, na taa yenyewe hufifia kadiri inavyozeeka. Katika banda lenye kuta zisizopakwa rangi, hesabia kwamba nusu itapotea, kwa hiyo nunua lumeni 24,000. Tyubu ya LED ya mita 1.2 yenye wati 20 hutoa takriban lumeni 2,000. Unahitaji 12. Zote kwa pamoja zinakula wati 240, ambazo kwa saa nne hazifiki yuniti moja ya umeme. Wanaohofia bili wakumbuke kwamba msumeno wa meza unakula mara kadhaa ya hapo.

Kabla hujaongeza tyubu ya 13, paka kuta na dari rangi nyeupe isiyong'aa. Mabati meusi kwa moshi na vumbi hurudisha mwanga kidogo sana, na rangi ni nafuu kuliko taa.

Mpangilio ndio unaoharibiwa zaidi. Panga safu tatu zinazokwenda na urefu wa chumba, tyubu nne kila safu, na kati ya tyubu na tyubu acha sentimita 30 hivi. Kwa kugawanya sawasawa, safu za pembeni zingekaa sentimita 67 kutoka ukutani. Hapo ndipo penye mtego: kama meza yako ya ukutani ina kina cha sentimita 60, safu hiyo itakuwa juu ya utosi wako hasa, na ukiinama tu unajitilia kivuli. Isogeze hadi sentimita 45 kutoka ukutani, iwe ndani ya ukingo wa mbele wa meza. Safu ya katikati itajaza upande wa pili.

Kimo nacho kina kanuni yake: nafasi kati ya safu isizidi sana urefu kutoka mezani hadi kwenye taa. Meza ikiwa sentimita 90 na taa zikiwa mita 2.7 kutoka sakafuni, una mita 1.8 ya kuchezea, na safu zilizo mita 1.55 mbalimbali ziko salama. Paa likiwa refu zaidi, shusha taa kwa minyororo. Usizishushe mno, kwa sababu ubao wa futi 12 ukigeuzwa ndani hugonga kila kitu. Ndiyo maana tyubu za plastiki zinafaa kuliko za kioo.

Usizibane taa kwenye bati moja kwa moja. Bati la mchana wa jua kali linachemka, na kinachokufa kwanza kwenye LED kwa kawaida ni draiva iliyo ndani, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uifae LED, si vitaa vidogo vya LED vyenyewe. Acha angalau sentimita 10 za hewa. Pale ambapo umeme unayumba, tafuta draiva iliyoandikwa volti 85–265 badala ya 220–240.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa yenye draiva duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga nusu mzunguko kati ya mpepeso mmoja na mwingine, hivyo inaweza kuonekana imesimama. Mota nyingi za fezi moja huzunguka mara 2,800 hadi 2,900, na kwenye kerezo kazi itaonekana kama inajongea polepole. Mkono unaweza kwenda pasipostahili. Jaribu dukani: pitisha msumari unaong'aa haraka mbele ya taa. Ukiona misumari mingi iliyoachana badala ya mchirizi mmoja laini, rudisha taa hiyo rafuni.

Kuhusu rangi ya mwanga, maduka yamejaa tyubu za kelvini 6,500 zenye weupe wa buluu. Kukata mbao haina shida. Kupaka vanishi juu ya mninga ni habari nyingine, kwani wekundu wa mti unafifia na doa la gundi linajificha hadi kitanda kifike kwa mteja. Chukua kelvini 4,000 hadi 5,000, na kwenye boksi soma Ra, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu: 80 ndio mwisho wa chini, 90 kwa sehemu ya kupakia rangi. Taa ndogo ya mkono iliyolazwa karibu na uso wa ubao itaonyesha mikwaruzo ya msasa ambayo taa za juu haziwezi kuionyesha.

Nyaya ni kazi ya fundi umeme, ila mwagize haya: waya wa milimita za mraba 1.5, breka ya ampea 6 kwa taa peke yake, na swichi moja kwa kila safu. Taa zisichangie breka na soketi. Msumeno ukikwama na kuangusha breka, disko bado linazunguka, na huo ndio wakati usiotaka giza. Ukitumia fitingi za zamani zenye choki na stata, soma maandishi ya tyubu kabla ya kuiingiza: nyingine hupokea waya wa laini na wa nutro upande mmoja, nyingine kila upande wake, na ukizichanganya unaweza kupiga shoti. Kisha funga taa moja ya kuchaji karibu na msumeno, ya aina inayojiwasha umeme ukikatika.